Kabla ya kununua kiwanja, ipeleke familia ikalale huko

Mtu wa Dar es Salaam akichoka na jiji, kitu cha kwanza anachotafuta ni kiwanja. Anatumiwa picha kwenye simu: vigingi vinne, nyasi, mlima kwa mbali, na maelezo kwamba umeme uko jirani na lami haiko mbali. Anaanza kulipa kidogo kidogo. Miaka inapita, kiwanja kinaota magugu, na siku anayotaka kujenga ndipo mke anauliza shule iko wapi, watoto wanauliza marafiki watawapata wapi, na mama mzazi anasema yeye hatoki alipo. Nimeyaona hayo kwa ndugu, kwa majirani na kwa watu niliofanya nao kazi. Pesa zimezama ardhini na familia haijaenda popote.

Nasema tunaanzia mwisho. Mji ndio wa kuchagua kwanza, na wachaguaji ni wote watakaoishi humo, wakiwa wamelala hapo, wamekula chakula cha hapo na kuoga maji ya hapo. Kiwanja kije baadaye.

Juni hii, shule zilipofungwa, sisi tulijaribu kufanya hivyo. Tuliingia garini watu watano: mimi, mke wangu ambaye ni mwalimu wa sekondari, binti yetu wa kidato cha pili, mdogo wake wa darasa la nne, na mama yangu mzazi, mwenye kisukari na magoti yanayomsumbua. Tulipanga kupita Morogoro, Dodoma, Iringa na Njombe. Kila mji tulale katika nyumba ya wageni ya kawaida na tuishi kama wenyeji: asubuhi sokoni, mchana shuleni na hospitalini kuuliza, jioni kutembea kwa miguu katika mitaa ambayo mtu wa kipato chetu angepanga nyumba.

Dar sina ugomvi nayo. Imenisomesha na kunipa kazi. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo mmoja, kati ya Watanzania 61,741,120. Yaani katika kila watu mia wa nchi hii, karibu tisa wamekaa Dar. Binti yangu anatoka nyumbani giza halijaondoka na kurudi giza limeingia, na umbali wenyewe wa shule si mkubwa; kinachomla ni foleni na kugombania daladala. Kazi yangu ya kuhariri vitabu naweza kuifanya popote penye umeme na intaneti. Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda kokote katika Jamhuri na kuishi sehemu yoyote. Haki hiyo wengi wetu tunaitumia mara moja tu, tunapokuja mjini kutafuta maisha, halafu tunaisahau.

Morogoro sitaisemea sana, kwa kuwa wasomaji wengi wanaifahamu. Ni karibu kilomita 190 kutoka Dar, na tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa inakufikisha kwa muda usiotimia saa mbili. Milima ya Uluguru iko juu ya mji, Chuo Kikuu cha Sokoine kiko chini yake, matunda ni mengi na bei yake ni ya kibinadamu. Kilichotuondoa ni ukaribu wenyewe. Niliwasikiliza watu waliohamia pale wakiendelea na kazi zao Dar, wanaoamka usiku na kurudi usiku. Mke wangu akasema wazi kwamba tukihamia Morogoro, Dar itaendelea kutuita kila wiki na sisi tutaitika. Nilimwelewa.

Tukaendelea. Dumila tulinunua nyanya, Gairo upepo wa baridi ulitulazimisha kufunga vioo, Kibaigwa tukasimama kutazama malori yakipakia mahindi. Kisha nikakunja kuelekea Kongwa, maana nilitaka watoto wapaone. Sijui mahali pengine nchini panapofundisha kuhusu kuchagua mahali kuliko pale.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiitazama ardhi kutoka kwenye ndege, ukapendekeza karanga zilimwe katika zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa hapa kwetu. Mwaka uliofuata matrekta yakaanza kufyeka Kongwa. Udongo wa pale una mfinyanzi mwingi. Jua likiwaka unagandamana, na mashine zilizotengenezwa kwa mashamba mengine zikavunjika meno. Mvua ni ya msimu mmoja na haina uhakika. Wagogo waliokuwa wakichunga ng'ombe na kulima uwele na mtama katika nchi hiyo walikuwa na sababu zao za kulima mazao hayo, na kusogea na mifugo yao mvua inapokataa. Januari 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha.

Mwanangu wa darasa la nne aliuliza kwa nini hawakumuuliza mtu. Nimelifikiria sana swali hilo, kwa kuwa anayenunua kiwanja kwa picha anafanya jambo lilelile kwa kiwango chake: anaitazama ardhi kutoka juu, wakati majibu yote anayoyahitaji yako kwa mwanamke anayekaanga maandazi kando ya barabara hapo chini. Yeye anajua maji yanatoka siku zipi. Anajua ni zahanati gani yenye dawa na ni ipi yenye mabango tu. Anajua mtaa upi unajaa maji masika.

Dodoma tulifika jioni. Mji huu serikali iliuchagua zamani: TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko, na mamlaka ya kuustawisha mji ikaundwa mwaka huohuo. Lakini miongo minne ikapita wizara zikiwa bado Dar. Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali yake inahama, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huo, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Leo kuna Ikulu Chamwino, mji wa serikali Mtumba, barabara pana, na treni inayotoka Dar kwa muda usiofika saa nne.

Hata hivyo, kaa kituoni siku ya Ijumaa jioni uangalie nani anaondoka. Ni watumishi wenye mkoba mdogo wa nguo, wanakwenda Dar kwa wake, waume na watoto, warudi Jumapili usiku. Ofisi ilihama kwa amri, familia haikuhama, kwa kuwa familia haihamishwi kwa tangazo. Mtoto yuko kidato cha tatu, mke ana biashara yake Kariakoo, nyumba ya Dar imejengwa kwa jasho la miaka. Siwalaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba ndoa nyingi zinaishi kwa ratiba ya treni kwa sababu hakukuwa na nafasi ya wote kuja kwanza, kuona, na kukubali.

Mama yangu aliipenda Dodoma, na sababu yake ni nzito. Pale Chuo Kikuu cha Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo tangu 2018 inapandikiza figo, na mgonjwa wa kisukari huishi akiziwaza figo zake. Alikaa kwenye benchi la nje akazungumza na wagonjwa waliotoka Singida na Manyara, akarudi na habari zaidi kuliko nilizozipata mimi dirishani. Wenyeji walimfurahisha pia. Siku ya pili alikuwa ameshajifunza kusalimia "mbukwenyi", na wauza karanga wakawa wanamwita bibi kama wamemjua miaka.

Lakini nilijifunza kusoma paa za nyumba. Katika mji wenye maji, paa nyingi ni tupu. Dodoma, mtaa baada ya mtaa, kila nyumba yenye uwezo ina tanki, na nyingine zina mawili, na maboza ya maji yanapita. Kwa miaka mingi jiji limetegemea hasa visima vya Mzakwe, na watu wanaongezeka kuliko visima. Msichana mmoja anayeuza chipsi karibu na tulipofikia alinionyesha ndoo zake, amezipanga kwa matumizi: ya kunywa ina kitambaa cheupe, ya kuoshea vyombo ina alama ya rangi, ya kudekia imekatika mpini. Maji ya kuoshea viazi anayahifadhi kwa kumwagilia mche wa mwarobaini. Nilimheshimu sana kwa mpangilio ule, na nikajua pia kwamba mke wangu na binti yangu ndio wangekuwa wapanga ndoo katika nyumba yetu, iwe tumekubaliana au hatujakubaliana. Mwanamume anayesema maji si tatizo aulizwe kwanza ni nani nyumbani kwake anayeyateka.

Kuna jingine. Malalamiko ya wananchi wa Dodoma kuhusu ardhi na fidia yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2017 ile mamlaka ya ustawishaji ilivunjwa. Anayehamia mahali anaingia katika historia ya watu wengine, na kiwanja anachouziwa kwa bei ya kufurahisha huenda jana kilikuwa shamba la mtu aliyelipwa kidogo au asiyelipwa. Muulize jirani, kabla ya kumuuliza dalali. Kama ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka jambo lipite katika halmashauri ya kijiji na mkutano wa wanakijiji. Karatasi iliyogongwa muhuri na mtu mmoja haitoshi, hata muhuri ukiwa wa bluu na mtu mwenyewe akiwa mcheshi.

Kutoka Dodoma kwenda Iringa tulipita Mtera, kwenye bwawa linalopakana na mikoa hiyo miwili. Mama alinunua samaki wa kukaanga, tukala tukitazama maji. Baada ya hapo barabara inapanda, hewa inabadilika, na unaingia Iringa kupitia Nduli na Kihesa ukiwa umeshavaa sweta.

Nitakaa kidogo Iringa. Mji uko juu ya kilima, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita chini yake Ipogolo, hivyo malori hayakatizi katikati ya maisha ya watu. Sokoni kuna maharage ya kila rangi, njegere, viazi, na vikapu vinavyosukwa na wanawake wa huko. Mwanamke tuliyenunua kwake maharage alimsalimia mama "kamwene, bibi", akampa kigoda akae, akamuuliza ametoka wapi na ana wajukuu wangapi, ndipo akapima maharage. Watoto tuliwapeleka Kalenga, ambako fuvu la Chifu Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Binti yangu alikuwa ameisoma habari hiyo darasani. Alisimama mbele ya kile kisanduku cha kioo muda mrefu, halafu akauliza kama ni kweli mtu angeweza kutembea kutoka pale hadi Lugalo, ambako jeshi la Mkwawa lilipigana na Wajerumani 1891, na kurudi kwa siku moja. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima alikuwa anauliza umbali kama mtu anayefikiria kukaa.

Shule zilikuwa zimefungwa, lakini ofisi ya mkuu wa shule hukosi mtu. Tulipata majibu ya kweli kuhusu idadi ya wanafunzi darasani, walimu wa sayansi, na nafasi za kuhamia. Mke wangu alifanya la maana zaidi: alikutana na walimu. Mwalimu wa serikali anayetaka kuhama anajua kwamba njia iliyo rahisi kidogo ni kumpata mwenzake anayetaka kubadilishana naye kituo. Alimpata mmoja mwenye mzazi mgonjwa Temeke, anayetamani Dar kama sisi tunavyotamani kuondoka. Barua zitakwenda, na kibali kitategemea wakubwa. Hapa naomba nisikike: utaratibu huu wa walimu na wauguzi kutafutana wenyewe kwenye makundi ya simu ili waishi karibu na familia zao unawachosha watu wanaoitumikia nchi. Serikali ndiyo inayopokea maombi ya wanaotaka kuhama. Iwaunganishe yenyewe.

Nisiipambe Iringa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika mkoa huo wamedumaa, na Njombe nako karibu nusu, ilhali hiyo ni mikoa inayolisha wengine. Nilimuuliza muuguzi mmoja inakuwaje. Akanijibu bila kuzunguka: mama anaamkia shambani, mtoto anaachiwa uji mtupu na ndugu yake mwenye miaka saba, mayai yanakwenda sokoni kutafuta ada. Mashamba mabichi ya mahindi unayoyaona kutoka barabarani hayakwambii watoto wanakula nini. Na kwa ugonjwa mkubwa mtu wa Iringa mara nyingi bado anasafiri hadi Dodoma, Mbeya au Dar. Mama aliyapima hayo yote mwenyewe, hatukumficha.

Njombe tulikwenda kwa kupitia Mafinga, penye misitu ya kupandwa na harufu ya mbao, na Makambako, penye malori. Watoto waliipenda Njombe kuliko miji yote. Kuna parachichi za kila namna, na vijana wengi wanazilima kwa ajili ya kuuza nje. Kuna viazi, chai, na usafi wa mitaa unaoonekana. Lakini Juni ya Njombe si mchezo. Asubuhi mikono ya mama ilikuwa haishiki kikombe. Jirani wa pale tulipolala alitusihi tusithubutu kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku na kufunga mlango, kwa sababu hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Mama hakulalamika. Alivaa khanga juu ya koti na kusema mji ni mzuri. Mke wangu ndiye aliyesema tusimfanyie hivyo mtu wa Kisarawe mwenye miaka yake. Njombe ikaishia hapo, ingawa kijana wetu alinuna hadi Mafinga.

Ndipo tukalala tena Iringa, na usiku huo mama akauliza swali ambalo katika familia nyingi haliulizwi mpaka siku ya msiba. Akasema: "Nikifa huku, mtanizika wapi?" Baba amezikwa Kisarawe. Iringa hadi huko ni karibu kilomita 500, na njiani kuna mteremko wa Kitonga, ambako siku ya kurudi tulishuka nyuma ya lori la Zambia huku harufu ya breki ikiingia garini. Tulimjibu kwamba atazikwa kando ya mume wake, na gharama ya safari hiyo tutaanza kuiweka sasa, siyo kuichangisha siku hiyo. Akauliza nani atakuwa anapalilia kaburi la baba. Tukakubaliana na binamu yangu aliyeko huko, kwa simu, papo hapo, mama akisikia. Baada ya hapo alianza kuzungumza habari za bustani.

Nawasihi wenzangu msilikwepe swali hilo. Wahenga wetu walihama sana. Makabila mengi ya nchi hii yana simulizi za kutoka mahali na kufika mahali. Lakini walihama na wazee wao, na wazee ndio waliosema hapa tukae. Tulipojaribu kuhamisha watu kinyume cha hapo, kama wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipoagiza mwaka 1973 kwamba wote wawe vijijini ifikapo mwisho wa 1976, wengi walihamishiwa walikoonyeshwa na waliporuhusiwa kupumua walirudi kwenye miembe yao. Baba mwenye nyumba anayenunua kiwanja kimyakimya, halafu akaitangazia familia, anaendesha operesheni yake ndogo.

Najua si kila mtu ana gari wala likizo ya kutosha. Hilo halizuii kitu. Basi linafika miji yote niliyoitaja, treni inafika miwili, na gharama ya familia kulala mahali wiki nzima ni ndogo ukiilinganisha na kiwanja usichokitumia miaka kumi. Ukiweza, nenda katika msimu mbaya wa mji huo: Dodoma kiangazi, Njombe Juni, Morogoro kwenye joto la Januari. Mkae mahali ambapo mngeweza kupanga kweli, na jioni kila mtu aseme alichokiona, akianza mdogo, ili asije akarudia maneno ya wakubwa.

Sisi, kibali cha mke wangu kikitoka, tutahamia Iringa Desemba, mtihani wa kidato cha pili ukiwa umekwisha. Tutapanga nyumba Kihesa kwa mwaka mzima, na hatutanunua ardhi yoyote katika mwaka huo. Nawe unayelipia kwa awamu kiwanja mahali ambapo familia yako haijawahi kulala, shule zitafungwa tena. Sitisha awamu moja, chukua fedha hiyo, uwapeleke wote wakapaone.